Mfasiri na Sentensi Iliyokatwa

Mtu akimkatiza Mfasiri katikati ya sentensi, hakuendelea kutoka pale alipokatizwa. Alinyamaza, akamngoja mkatizaji amalize, kisha akarudi mwanzo kabisa wa sentensi yake na kuianza upya, neno kwa neno. Nilimwona akiianza sentensi moja mara nne mbele ya Mkurugenzi wetu, ambaye alikuwa hodari wa kuwakatiza watu. Mara ya nne Mkurugenzi aliuma kalamu, akamwacha afike mwisho. Sisi wengine tulijifanya tunasoma karatasi zetu.

Tulifanya kazi pamoja karibu miaka mitatu, katika nusu ya pili ya miaka ya tisini, katika ofisi ndogo katikati ya jiji la Washington. Kazi ya ofisi ilikuwa kufuatilia mazungumzo ya biashara ya Ulaya na kuziandikia ripoti kampuni za Kimarekani zilizotaka kuingia huko. Si biashara ya mashine wala nguo, bali ya huduma: simu, bima, mafunzo, hospitali, sinema. Yeye alifasiri nyaraka za Kifaransa, na wageni wakija alikuwa mkalimani wao. Mimi nilichapa ripoti, nikazipanga na kuzituma kwa faksi. Yeye alitoka Lubumbashi, mimi Mombasa. Alikozaliwa hasa, na kwa nini aliondoka, sikumuuliza, naye hakunieleza. Nilijua tu kwamba aliishi Brussels miaka mingi kabla ya kuja Marekani, na kwamba huko ndiko alikojifunza kuvumilia baridi na kutovumilia watu wanaochelewa.

Siku yangu ya kwanza alinisikia nikizungumza kwa simu na dada yangu, ambaye nilikuwa nikiishi naye Gaithersburg. Nilipoweka simu, alikuwa amesimama mlangoni na kamusi kwapani.

"Mwana," alisema, "weye unasema Kiswahili cha kitabu."

"Na wewe Papa unasema kipi?"

"Miye nasema cha bantu."

Nilicheka. Mombasa tungesema "watu", na msichana wa kwetu akisikia "bantu" huona mzungumzaji amejikwaa. Yeye hakucheka. Aliniangalia mpaka kicheko changu kikakauka mdomoni, kisha akaniuliza kama nimeshawahi kufika Lubumbashi. Nikasema la. "Basi utacheka siku ile utafika," alisema, akaenda zake. Tangu siku hiyo nilimwita Papa, kama alivyotaka, na sikuthubutu tena kukicheka Kiswahili chake.

Hakuandika kwa kompyuta. Aliandika kwa penseli kwenye karatasi za manjano, na aliikandamiza penseli kwa nguvu kiasi kwamba ukurasa wa chini ulibaki na makovu ya maneno ya juu. Kazi yangu ilikuwa kuyachapa maandishi hayo. Nikikosea koma, alinirudishia ukurasa mzima bila kuniambia kosa liko wapi. "Tafuta," alisema. Siku moja nilitafuta hadi saa ya chakula ikapita, machozi yakinilenga. Nilipoiona ile koma na kumpelekea karatasi, alifungua droo, akatoa nusu ya mkate wake uliofungwa kwa kitambaa, akanipa. Hakusema pole. Alikula nusu yake akiwa amesimama dirishani, kama alivyokula siku zote, maana aliamini kwamba mtu akila ameketi kazini atasinzia alasiri.

Katika droo hiyohiyo alikuwa na kitambaa cha kufutia viatu. Alikaa Columbia Heights, na miaka hiyo mitaa ya huko ilikuwa imechimbuliwa kwa ajili ya reli ya chini ya ardhi. Kila asubuhi alishuka kwenye basi viatu vikiwa na vumbi jekundu, na kila asubuhi alivifuta kabla ya kumsalimia mtu yeyote. Kumwamkia kabla ya viatu ilikuwa kazi bure, hakukuitikia.

Lakini alinifundisha Kifaransa, saa nzima kila Jumatano, bila mimi kumwomba. Alisema hataki nichape maneno nisiyoyaelewa, maana mchapaji asiyeelewa ni kama mpishi asiyeonja. Na ni yeye aliyenifundisha jambo ambalo ofisi nzima iliishi kwalo na ambalo wengi wetu tulilisoma kijuujuu tu: nani, huko Ulaya, ana haki ya kusema hapana.

"Sikiliza," aliniambia. "Ziko nchi kumi na tano. Zikitaka kuuza na kununua bidhaa nje, mmoja anazungumza kwa niaba ya zote, na wingi wa kura unatosha. Nchi moja ikinuna, inapitwa. Lakini huduma si bidhaa. Huduma ingine inapita kwenye waya, haiingizi mutu, haifungui mlango. Ile inaenda pamoja na bidhaa. Ingine inataka kuja kukaa: kufungua chuo, kufungua hospitali, kuleta bantu. Pale kila nchi iko na hapana yake. Moja ikisema hapana, zote zinasimama."

"Si walisema mkataba mpya wa Ulaya utabadilisha hayo?"

Hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza. Kicheko chake kilikuwa cha puani, kifupi. "Wanaweza kubadilisha. Lakini zote zikubali kwanza. Ni kama kumwomba mwenye ufunguo aruhusu kufuli itolewe."

Nilimwambia kwamba kwa maoni yangu ule ulikuwa uonevu, nchi moja kuzifunga kumi na nne.

"Na kumi na nne kuimeza moja, ni nini?" aliuliza. Kisha akasema: "Siku ingine hapana ni ukuta wa mutu mudogo. Siku ingine ni rungu la mukubwa. Usiniulize kama ni nzuri. Angalia iko mkononi mwa nani."

Niliyaandika maneno hayo nyuma ya daftari langu la Kifaransa. Wakati huo niliyaona ni hekima. Sikujua kwamba yeye mwenyewe alikuwa na rungu nyumbani.

Nililiona Jumapili moja aliponialika kwake. Nyumba ilikuwa orofa ya tatu, vyumba viwili, safi kama zahanati. Mkewe, mama mpole aliyefanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, alikuwa amepika bukari, ugali wao, na sombe, majani ya muhogo, pamoja na samaki wakavu ambao sikuelewa aliwapata wapi. Binti yao mmoja, wa miaka kumi na minane, alikuwa amemaliza shule ya sekondari. Alikielewa Kiswahili vizuri sana, lakini alijibu kwa Kiingereza, kila neno.

Tulikuwa tumeanza kula binti aliposema kwamba barua imekuja. Chuo kikuu cha upande wa magharibi, mwisho wa nchi, kilikuwa kimemkubali. Alitaka kusomea elimu ya bahari.

"Hapana," alisema Mfasiri. Hakuinua macho.

Mama akasema kwa sauti ya chini, "Baba, umuache mutoto amalize kusema."

"Nimesema hapana."

Binti alieleza, kwa utulivu, kama mtu aliyejiandaa: kwamba atasaidiwa karo, kwamba atakaa bwenini na wasichana wenzake, kwamba atapiga simu kila Jumapili. Baba yake aliendelea kumega bukari. Hakukataa hoja moja wala kuikubali. Alipomaliza, binti aliweka mikono mezani, akasema kwa Kiingereza maneno ambayo nayakumbuka hadi leo: "Papa, hizo nchi zako, angalau zinatoa sababu."

Mfasiri aliinuka, akaenda jikoni, akanawa mikono ingawa sahani yake ilikuwa bado nusu. Tulisikia maji yakitiririka muda mrefu. Aliporudi aliniuliza habari za dada yangu wa Gaithersburg, na ikabidi nizungumze, nizungumze chochote, huku mama akitazama sahani na binti akinitazama mimi kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na kura.

Jumatatu ofisini alifuta viatu, akanisalimia, akafanya kazi. Alasiri, bila utangulizi, alisema: "Brussels niliona batoto ya rafiki zangu inaondoka. Inaenda mbali kusoma. Inarudi na salamu tu." Ndiyo sababu pekee niliyowahi kusikia, naye aliitoa kwangu, si kwa binti yake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Tulikuwa na mteja huko Herndon, karibu na uwanja wa ndege wa Dulles, kampuni iliyofundisha watu kazi za kompyuta. Ilikuwa ikifundisha kwa njia ya waya, na ilitaka sasa kufungua vituo vyake yenyewe ndani ya Ulaya: majengo, walimu, wanafunzi. Iliuliza swali moja: mazungumzo yakianza, wingi wa kura utatosha, au nchi moja inaweza kuzuia? Mteja huyo alikuwa mkubwa kuliko wote tuliokuwa nao, na Mkurugenzi aliogopa kumpoteza. Alikuwa na wasiwasi wiki nzima, akitembea koridoni na kikombe kisicho na kahawa.

Mfasiri alifasiri nyaraka zote, akaandika ukurasa wa majibu. Sentensi mbili ndizo zilizobeba ripoti nzima. Ya kwanza ilisema kwamba mafunzo yanayopita kwenye waya yanaamuliwa kwa wingi wa kura. Ya pili ilisema kwamba kufungua vituo ndani ya nchi kunahitaji kila nchi ikubali, na moja ikikataa, hakuna makubaliano.

Mkurugenzi alikuja kwenye meza yangu na karatasi ya manjano. Alikuwa amepiga mstari mwekundu juu ya sentensi ya pili.

"Hii inachanganya," alisema. "Mteja hapendi 'lakini'. Mambo yatabadilika mwaka huu au ujao, kila mtu anajua. Ichape bila hii."

"Mfasiri amesema..."

"Mfasiri anafasiri. Mimi naandika ripoti." Kisha, kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha: "Karatasi zako za uhamiaji ziko mezani kwangu. Natia sahihi wiki hii."

Sijui kama alikusudia kuyaunganisha maneno hayo mawili. Nimejiuliza mara nyingi. Huenda alikuwa mtu mwenye mambo mengi kichwani, akakumbuka moja baada ya jingine. Viza yangu ilikuwa inakwisha. Dada yangu alikuwa na mimba na mumewe alikuwa ameshahamia jimbo lingine kikazi. Niliichapa ripoti bila sentensi ya pili. Vidole vyangu havikutetemeka, na hilo ndilo linalonisumbua. Nilichapa vizuri.

Mfasiri aliniuliza ripoti iko wapi aisome kwa mara ya mwisho. Nilimwambia imeshatumwa. Ilikuwa kweli.

Alhamisi tulikwenda Herndon kwa gari la Mkurugenzi, yeye, Mfasiri na mimi niliyepaswa kuandika kumbukumbu za kikao. Mteja alikuwa amemwalika mama mmoja kutoka Brussels aliyewahi kukaa ndani ya mazungumzo hayo kwa miaka. Kiingereza alikijua, lakini mambo ya sheria alipenda kuyasema kwa Kifaransa, na Mfasiri aliketi pembeni yake. Nilimwona akiwa katika kazi yake bora. Sauti yake ilishuka, ikawa si yake. Mama yule akisema "mimi", naye alisema "mimi". Baada ya dakika kumi uliusahau uso wake, ukabaki na maneno tu.

Mwenyekiti wa kampuni, mzee mwenye miwani mizito, aliuliza swali lake. Mama wa Brussels alijibu, na Mfasiri akasema kwa Kiingereza: "Kwa vituo mnavyotaka kufungua, nchi moja peke yake inaweza kuzuia. Na mimi najua angalau moja ambayo itazuia."

Mwenyekiti alishika ripoti yetu. Aliifungua, akaisoma, akaipindua nyuma na mbele. "Hapa mmeniandikia wingi wa kura unatosha. Hakuna neno juu ya vituo. Nimewaambia watu wangu waanze kutafuta majengo."

Chumba kilikuwa na dirisha kubwa, na ndege iliyokuwa ikishuka Dulles ilipita kwa mbali bila sauti. Mkurugenzi alikohoa.

"Naogopa," alisema, "kuna kosa la tafsiri."

Mama wa Brussels, ambaye hakuyashika vizuri maneno yaliyosemwa kwa haraka, alimgeukia mkalimani wake. Na Mfasiri, kwa sauti ileile isiyo yake, alimfasiria kwa Kifaransa, neno kwa neno: kwamba Mkurugenzi anaogopa kuna kosa la tafsiri. Hakupunguza. Hakuongeza. Mama yule alimtazama usoni, akaelewa ni nani anayeshtakiwa, akashika ukingo wa meza.

Ndipo Mfasiri alipoweka penseli chini. "Sasa ninasema mimi mwenyewe," alisema kwa Kiingereza. "Sikukosea. Sentensi ipo kwenye karatasi yangu."

"Karatasi haiko hapa," alisema Mkurugenzi. "Na hatuwezi kupoteza muda wa..."

"Sasa ninasema mimi mwenyewe," alianza tena Mfasiri. "Sikukosea. Sentensi ipo kwenye karatasi yangu."

Mwenyekiti alinigeukia. "Wewe ndiye uliyechapa?"

"Ndiyo."

"Karatasi uliyopewa ilikuwa na sentensi hiyo?"

Watu wote walinitazama, isipokuwa Mfasiri. Yeye aliitazama penseli yake. Nilimwona Mkurugenzi kwa pembe ya jicho, ameinamisha kichwa kama mtu anayesali. Nilifikiria tumbo la dada yangu, ngazi za nyumba yetu, barua ya uhamiaji isiyo na sahihi. Ningeweza kusema "ndiyo". Neno hilo ni fupi katika kila lugha aliyonifundisha.

"Sikumbuki," nilisema.

Mwenyekiti alishusha pumzi, akaifunga ripoti. Mama wa Brussels aliendelea kueleza, na Mfasiri aliokota penseli, akaendelea kumkalimania hadi mwisho, saa nzima zaidi, bila kukosea hata silabi.

Tulirudi mjini. Mkurugenzi aliendesha kwa kasi, mikono miwili kwenye usukani. Mfasiri alikaa nyuma pamoja nami, akitazama miti ya pembeni mwa barabara. Mara moja nilisema, "Papa," kwa sauti ndogo. Aliinua kiganja kidogo kutoka gotini, kama unavyomnyamazisha mtoto msikitini au kanisani, akakirudisha.

Siku iliyofuata aliambiwa mkataba wake hautaendelezwa. Alichukua kamusi yake na kitambaa cha viatu. Penseli aliziacha. Alipita mezani kwangu, akasimama. Nilidhani atanitukana, na nilitamani anitukane.

"Bakia salama, mwana," alisema, akatoka.

Baadaye niliikuta karatasi yake ya manjano ndani ya faili, na mstari mwekundu juu ya sentensi ya pili. Ningeipeleka Herndon. Ningeituma kwa faksi, mashine ilikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Niliikunja, nikaitia kwenye mkoba, nikaenda nayo Gaithersburg, na huko ikakaa chini ya nguo zangu. Mkurugenzi alitia sahihi barua yangu wiki ileile, kama alivyoahidi. Mteja alibaki nasi. Alipewa ripoti mpya, yenye sentensi zote mbili, na katika barua ya kuomba radhi iliandikwa kwamba mfasiri aliyehusika hayupo tena. Niliichapa mimi.

Karatasi zangu za kuishi zilipokamilika, niliacha kazi. Siku hiyohiyo nilipiga simu Columbia Heights. Mkewe ndiye aliyepokea. Alisema Mfasiri yuko kazini, anawakalimania wagonjwa katika hospitali, na wakati mwingine mahakamani. Sauti yake haikuwa na kinyongo, au alikificha. Nilimuuliza binti.

"Alienda," alisema. "Ile karatasi ya chuo, nilitia sahihi miye."

"Na Papa alisemaje?"

"Hakusema kintu. Mwaka na nusu hakusema kintu. Mutoto anapiga simu Jumapili, baba anatoka anaenda kutembea. Lakini, mama, hii nyumba haina mutu moja. Tuko babili." Kisha akaniambia atamweleza nimepiga. Nilingoja siku nyingi. Simu haikuja.

Nilimwona tena mara moja tu, mwaka wa mwisho wa miaka ya tisini, siku chache kabla ya Krismasi. Nilikuwa nimemsindikiza dada yangu na mtoto wake uwanja wa ndege wa mjini, ule wa ng'ambo ya mto, wakienda kwa shemeji. Enzi hizo ulimsindikiza mtu hadi mlango wa ndege. Ndege yao ilipoondoka nikageuka, nikamwona ameketi mbele ya mlango wa jirani, ameshika kofia kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda. Viatu viling'aa.

Ningeweza kupita. Watu walikuwa wengi na hakuwa ameniona. Nilikwenda nikasimama mbele yake. "Shikamoo, Papa."

Aliinua macho. Ilichukua muda. "Mwana," alisema. Kisha akasogeza kofia, nikaketi.

Alisema binti yake anakuja. Mara ya kwanza tangu aondoke. Mkewe alikuwa zamu, hakupata ruhusa, kwa hiyo amekuja peke yake. Ndege ilikuwa imechelewa. "Niko hapa tangu asubuhi," alisema, na saa ilikuwa imepita tisa alasiri. Baada ya kitambo akaongeza, akitazama mlango: "Sijui neno la kwanza. Nimetafuta katika lugha nne."

Nilijua kwamba nisiposema wakati huo sitasema tena. Nilimwambia yote. Mstari mwekundu, maneno ya Mkurugenzi juu ya karatasi zangu, jinsi nilivyochapa, jinsi nilivyokumbuka vizuri kabisa pale Herndon niliposema sikumbuki. Nilimwambia kwamba ile karatasi ya manjano ninayo. Nilizungumza haraka, nikijikwaa, na mara mbili mtangazaji wa uwanja alinikatiza kwa kipaza sauti, na mara zote mbili nilisahau nilipofikia.

Alisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua," alisema. "Pale pale nilijua. Weye hausahau kintu, njo maana nilikufundisha." Alizungusha kofia kidogo. "Nilikungoja wiki moja. Nilikaa kwa simu. Nilisema, huyu mwana ataniita, ataniambia, Papa, niliogopa. Ningekuambia, haina neno, kila mutu anaogopa. Nilikuwa nalo tayari, lile jibu. Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Kisha jibu likaisha."

"Nisamehe, Papa."

"Sikuchukii," alisema. Nilielewa kwamba hilo ndilo alilobaki nalo, na kwamba hatanidanganya kwa kunipa lisilokuwepo.

Mlango ulifunguliwa. Abiria walianza kutoka, wameshika makoti mikononi, wakitafuta nyuso. Mfasiri aliinuka. "Kaa na miye," alisema bila kunitazama. "Dakika moja tu." Nikasimama nyuma yake.

Binti alitoka karibu wa mwisho. Nywele alikuwa amezikata, na alikuwa na begi moja la turubai, zito, limemvuta bega. Alitazama huku na huku, nadhani akimtafuta mama yake. Alipomwona baba, alisimama. Kati yao palikuwa na hatua tano hivi, na watu walipita hapo katikati.

Niliona mgongo wa Mfasiri ukipanda na kushuka. Alizipiga zile hatua tano, akanyoosha mkono, akashika mpini wa begi. Binti hakuuachia. Alikaza kidole kimoja kimoja. Walisimama hivyo, mpini mmoja, mikono miwili, wakitazamana, hata nikadhani begi litachanika.

Kisha wakaanza kutembea. Baba hakumnyang'anya, naye binti hakuachia. Walilibeba pamoja, kwa upande, wakigongana magoti, mpaka kwenye milango ya nje, na mlangoni ilibidi wageuke kidogo ndipo wapite wote wawili.